Masikio Hayana Mchumba

Santuri ya tano nayo ilikwaruza. Upande wa kwanza ulikuwa umepita salama, mpaka moyo wake ukaanza kupata matumaini, kisha kwenye upande wa pili, mwimbaji alipovuta pumzi kabla ya kiitikio, ikaja. Tik. Kimya. Tik, tik. Sikio akainua sindano, akavua hedifoni na kuzitupa mezani kwa namna ambayo hakuwahi kuvitendea vyombo vya kazi tangu aajiriwe.

"Siku zote hizi," akaiambia ile santuri, "umechagua leo."

Jina la Sikio walimbandika wenzake kiwandani, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo tu, kusikiliza. Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo: mashine mbili za kukandamiza santuri, meza ndefu ya kufungia mizigo, na nyuma kabisa chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimepigiliwa magodoro ili kelele za mashine zisipenye. Humo ndimo alimokaa yeye. Katika kila santuri ishirini zilizotoka, alichukua moja akaisikiliza mwanzo mpaka mwisho, pande zote mbili. Akigonga muhuri wa kijani, mzigo unakwenda kwa mteja. Akigonga mwekundu, mzigo wote unarudi kusagwa. Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kubishana na muhuri wake.

Lakini mzigo huu ulikuwa wa aina yake. Santuri mia tatu zenye rangi ya udongo uliolowa, na ndani yake vimistari vyeupe, vyekundu na vya buluu kama jiwe la mtoni. Zilitengenezwa kwa masalia: vipande vinavyokatwa pembeni, na santuri mbovu zilizosagwa upya. Na fundi aliyezitengeneza, aliyemwomba bosi nafasi hiyo kwa miezi minane mpaka akapewa, ndiye ambaye kesho yake saa tisa alasiri alikuwa anakwenda nyumbani kwao kuposa.

Mlango ukafunguka bila hodi. Alijua ni nani kabla hajageuka, kwa ile harufu ya plastiki yenye joto.

"Vipi?" Chenga akauliza.

"Kaa."

"Ukiniambia nikae, nimeshajua."

"Basi simama."

Akasimama. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mikono mikubwa na macho mapole, na kwenye nywele zake hazikukosekana chenga za plastiki, leo nyekundu, kesho njano, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Sikio alizoea kuzitoa moja moja kwa ncha za vidole, mchana wakati wa mapumziko, na kila mara alichukua muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Leo aliziona, akaficha mikono chini ya meza.

"Zinakwaruza, Chenga. Zote tano."

"Zote?"

"Zote. Na sikuwa natafuta ubaya. Ya nne nimeirudia mara tatu, naiombea."

"Itakuwa ni ile chapa ya kugandamizia. Nilimwambia bosi chapa ya upande wa pili imechoka."

"Chapa ingekuwa mbovu, zingekwaruza mahali pamoja. Hizi kila moja ina mahali pake." Akazipanga mbele yake, akamwonyesha kwa kidole. "Kuna karatasi humu ndani. Ulipokata lebo za katikati kabla ya kusaga, duara ulilikata dogo. Karatasi ikabaki, ikasagwa pamoja na plastiki. Kila kijipande kikikutana na sindano, tik."

Chenga akainamia zile santuri. Alizikata mwenyewe zile lebo, usiku na mchana, ili mzigo uwe tayari kabla ya Jumamosi. Wote wawili walilijua hilo.

"Mtu wa kawaida hawezi kuisikia," akasema mwishowe.

"Mimi si mtu wa kawaida. Ndiyo maana nimewekwa humu."

"Au ni yale ya mzee wako."

"Yapi?"

"Kwamba kisicho cheusi hakiimbi."

Hapo mori ukampanda. "Usinichanganye na Baba," akasema polepole. "Juzi nimepitisha za buluu. Wiki iliyopita nimepitisha za njano, na zilikuwa safi kuliko nyeusi zilizozitangulia. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba plastiki ya santuri asili yake haina rangi, iko kama kioo, na huo weusi ni masizi tu yaliyotiwa humo. Sijazikataa zako kwa rangi. Nimezikataa kwa sababu zina uchafu."

"Uchafu," Chenga akarudia, kama mtu aliyezabwa kofi na anapapasa shavu kujua limeangukia wapi.

"Sikusema wewe ni mchafu."

"Sikio. Kesho nakuja kwenu. Nilimwahidi mzee kwamba nitakuja na santuri ya masalia, aisikilize bila kuiona, na atashindwa kuitofautisha na zake. Nimeahidi kwa mdomo huu. Bosi naye ameniambia nafasi ni hii moja." Akainama, akaweka viganja vyake mezani, na uso wake ukawa karibu kiasi kwamba Sikio aliweza kuona alivyojikata wakati wa kunyoa. "Ungeupitisha huu mmoja tu. Kwa ajili yangu."

Macho yale. Aliwahi kukaa kwenye foleni ya benki akiyafikiria mpaka zamu yake ikapita. Kama angeomba kitu kingine chochote duniani angempa, na kumwongezea. Ndiyo sababu alikasirika kiasi kile, kwamba kati ya vyote akaomba hicho.

"Masikio yangu hayana mchumba," akasema.

Neno likatoka, halikurudishika. Chenga akanyooka, akachukua santuri moja kati ya zile tano, akaitia kwenye ganda lake jeupe na kutoka nayo. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ingekuwa nafuu.

Sikio akavuta muhuri mwekundu, akagonga karatasi ya mzigo, kisha akashika tama mpaka kengele ya kutoka ikalia.

*

Jumamosi aliamka na kichwa kizito na nyumba nzima ikamwongezea. Tangu mama yake afariki waliishi wawili tu, yeye na Baba, lakini siku za mambo makubwa shangazi yake, dada wa Baba, alihamia pale tangu asubuhi na kushika usukani.

"Atakuja?" Shangazi akauliza, akipanga vikombe.

"Sijui."

"Hujui? Mtu anakuja kukuposa na hujui kama atakuja?"

"Tulikosana jana, Shangazi. Nimeikataa kazi yake."

Shangazi akakiweka chini kikombe. "Mwanangu, si ungesubiri Jumatatu?"

"Mbona kila mtu ananiambia hivyo kana kwamba santuri zilijikwaruza kwa amri yangu?"

"Na wewe unawaka upesi." Shangazi akacheka. "Tena mtu mwenyewe anaitwa Chenga. Usishangae akikupiga chenga."

Sebuleni Baba alikuwa ameshavaa shati lake la mikono mirefu na kukaa chini ya rafu ya santuri. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa redio, na alipostaafu alibaki na vitu viwili, bisibisi zake na santuri mia sita, zote nyeusi. Aliwahi kuletewa zawadi ya santuri nyekundu na jirani, akaishukuru, akaifanya kifuniko cha mtungi wa maji. "Chombo cha sauti ni cheusi," alipenda kusema. "Ukitaka rangi, nunua pazia."

"Baba, umeshakunywa chai?"

"Nini?"

"Chai."

"Nini? Sema kitu kieleweke."

Sikio akafumba macho. Miaka miwili sasa Baba alikuwa na tabia hiyo ya kumfanya mtu arudie maneno, kama hakimu anayemtesa shahidi, na yeye aliichukulia ni ukaidi wa uzee. Ukaidi huo huo ndio uliokwisha kuwafukuza wachumba wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu, kijana mstaarabu wa sauti ya chini. Baba alimkataa kwa sababu "ananong'ona, mwanamume gani ananong'ona mbele ya watu wazima." Wa pili, daktari wa mifugo, alikataliwa kwa viatu vyake. Sikio alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa amechoka kukaa jikoni akisubiri kuambiwa kasoro mpya ni ipi.

Saa tisa kamili hodi ikapigwa.

Chenga alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyombana mabegani, ameshika mfuko wenye santuri tatu kwenye maganda meupe. Chenga za plastiki zote alikuwa amezisafisha kichwani, na bila hizo alionekana kama mgeni. Macho yao yakakutana, yakatengana, yakarudi.

"Karibu," Sikio akasema.

"Ahsante," Chenga akajibu, kama wanaoonana leo kwa mara ya kwanza kwenye ofisi ya serikali.

Salamu zikapita, chai ikanywewa, na Baba akaweka kikombe chini.

"Haya," akasema kwa sauti yake kubwa. "Uliniahidi mtihani. Tuufanye. Nitakaa na kuupa ukuta uso. Wewe utacheza wimbo mmoja mara tatu, kwenye nyeusi, kwenye ya rangi, na kwenye hiyo yako ya takataka. Nikishindwa kuijua nyeusi, nitakusikiliza ulichokuja kusema. Nikiijua, utakunywa chai yako na kwenda zako, na binti yangu utamwacha kwa amani."

"Baba," Sikio akasema, "mimi ni binti au ni zawadi ya bahati nasibu?"

"Nini?"

"Hakuna kitu."

Akamtazama Chenga, akitegemea kwamba walau yeye ataona aibu ya jambo lile. Chenga alikuwa ameinamia mashine ya santuri, anapangusa sindano kwa brashi. Wanaume wote wawili walikuwa wamependeza kwa umakini, kama wanakwenda kumpasua mgonjwa. Sikio alitaka kuwachukua wote wawili, awafungie stoo, aondoke na basi la kwanza.

Baba akageuza kiti. Nyeusi ikacheza kwanza. Sauti ya mwimbaji ikajaa sebuleni, pana, yenye joto. Kisha ikachezwa ya buluu, na Sikio, ambaye hakujizuia kusikiliza kwa masikio ya kazi, hakupata tofauti hata ya unywele. Ikaja ya tatu. Aliitambua alipoona rangi yake ya udongo uliolowa. Ilikuwa ni moja ya zile tano.

Akashangaa. Kiwandani kulikuwa na santuri za majaribio za wiki iliyopita, chache lakini safi, za masalia vilevile. Kwa nini akaleta hii? Sindano ikashuka. Mwimbaji akavuta pumzi. Tik. Tik, tik. Halafu ikachakacha kwa mfululizo, kama mtu anayekunjakunja karatasi nyuma ya pazia. Shangazi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutofautisha redio na jokofu, akakunja uso na kushika sikio. Basi yamekwisha, Sikio akawaza, na hakujua kama anataka kulia au kumpiga mtu na sinia.

Baba akainua kidole.

"Hii," akasema. "Ya tatu. Hii ndiyo nyeusi. Sikilizeni ilivyotulia."

Hakuna aliyetikisika. Santuri iliendelea kuzunguka, na mkwaruzo ukaendelea, tik, tik, na Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika akifuata ngoma. Shangazi akafungua mdomo. Chenga akamtazama Shangazi, akaweka kidole midomoni taratibu sana. Kisha akainua sindano, akaitoa ile santuri ya udongo na kuitia kwenye ganda lake, akashika ile nyeusi mkononi, juu ya mashine, kama ndiyo kwanza ameitoa.

"Umepatia, Mzee," akasema.

Baba akageuka. Akaiona nyeusi mkononi mwa Chenga. Akamtazama Chenga, akamtazama dada yake, akashusha macho kwenye vikombe.

"Basi," akasema. "Tumekubaliana."

"Tumekubaliana," Chenga akasema. Akakusanya santuri zake, moja, mbili, tatu, akashukuru kwa chai, akaaga kwa adabu zote na kutoka.

*

Sikio alimkuta getini, anahangaika na komeo.

"Komeo linavutwa juu kwanza," akamwambia. "Sasa nieleze ulichokifanya."

"Rudi ndani, Sikio."

"Sirudi. Jana umeninunia kwa sababu nimesema kweli. Leo umesimama mbele ya baba yangu ukasema uongo, na uongo wenyewe umekugharimu mimi. Nisaidie nielewe, maana mimi akili yangu imegoma."

"Ulitaka nifanye nini?" Sauti ya Chenga ilikuwa ya chini, imechoka. "Nimwambie mtu aliyetengeneza redio za mtaa mzima, mbele ya dada yake, ndani ya nyumba yake, kwamba hasikii?"

Neno hilo, hasikii, lilimfikia Sikio kwa kuchelewa. Akaegemea geti. Mwalimu aliyenong'ona. Chai. Nini? Sema kitu kieleweke. Televisheni ambayo kila jioni aliipunguza sauti na Baba akaiongeza, mpaka wakagombana. Yeye, anayelipwa kusikia karatasi ndani ya plastiki, amekaa na baba yake miaka miwili asilisikie hilo.

"Sio kila kitu hasikii," Chenga akasema, akiona uso wake. "Sauti nene anazipata. Nyembamba ndizo zimemkimbia. Babu yangu alianza hivyohivyo."

"Kwa nini ulileta ile mbovu? Ulikuwa na safi."

Chenga akapapasa nywele zake, kama anatafuta chenga zisizokuwepo. "Jana nimeipiga nyumbani. Nilitaka nihakikishe kwamba umenionea. Ilipofika kwenye ule mkwaruzo nikaona aibu mpaka nikazima taa. Nikasema kesho nitaicheza mbele ya mzee, aisikie, kisha nimwambie: huyu binti yako alinikatalia kazi mbovu ingawa ananipenda, nami nilimtolea maneno, kwa hiyo naanza kwa kumwomba radhi mbele yako." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima. Sikujua kwamba hataisikia."

Sikio akamtazama. Alikuwa na hasira naye bado, na hasira ile ilikuwa imeshikana na kitu kingine kiasi kwamba hakuweza kuvitenganisha. Alitaka kumkumbatia mpaka ile suti ipasuke mshono.

"Wewe ni mtu wa kuchosha," akasema. "Nyote wawili mnachosha. Usiende popote."

"Nimeshakubaliana na mzee."

"Mimi sijakubaliana na mtu. Simama hapo."

*

Baba alikuwa bado amekaa palepale. Shangazi alikuwa amekimbilia jikoni, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Sikio akavuta kigoda, akakaa mbele ya Baba, mahali ambapo mzee angeweza kuuona mdomo wake.

"Baba. Ile ya tatu haikuwa nyeusi."

"Najua."

Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, ubishi wa saa nzima.

"Nilibahatisha," Baba akasema. "Kwangu zote tatu zilikuwa sawa. Nilipogeuka nikauona uso wa shangazi yako, na uso wa shangazi yako haujawahi kuficha kitu tangu tukiwa wadogo. Nikajua nimekosea, na nikajua yule kijana amenifunika. Kisha akaanza kukusanya vitu vyake." Akakunja mikono ya shati, akaikunjua. "Nikanyamaza, mwanangu. Nikamwacha aende. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hayo masikio."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Nilidhani ndege wa kwenye ule mti wa jirani wamehama. Nikamuuliza jirani, akanitazama kama nimerukwa na akili, akaniambia mbona wanaimba sasa hivi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye unayeniambia kila kitu. Kila Jumapili naweka santuri, nakuuliza, ipo sawa? Unaniambia, Baba hii imeanza kuchakaa, Baba hii bado nzuri. Nikikusikiliza wewe, ni kama nimeisikia." Akatazama rafu. "Nikawaza, akiondoka huyu, nani ataniambia?"

Sikio alitaka kumhurumia, na alimhurumia, lakini miaka miwili ile ilikuwa yake pia, na hakuwa tayari kuimeza kimya kimya.

"Kwa hiyo mwalimu..."

"Nilikuwa sipati hata neno moja analosema."

"Na daktari wa mifugo? Viatu?"

Baba akafikiri. "Viatu vyake kwa kweli vilikuwa vibaya," akasema.

Sikio akainamisha kichwa magotini mwake na kucheka, na katikati ya cheko machozi yakaja, akayaacha. "Baba, umenikalisha," akasema alipoweza. "Umenikalisha kwa ajili ya santuri, na ungeniambia tu. Ningekupeleka kwa daktari wa masikio. Ningeishi mtaa wa pili. Ningekuja kila Jumapili na huyo mume, tukae wote watatu. Lakini ulinifanya niamini kwamba watu wote wanaonipenda wana kasoro."

Safari hii Baba hakuuliza nini. Mkono wake ulimshuka begani, ukakaa hapo, mzito. Kisha akainuka.

"Ameshaondoka?"

"Nimemwambia asimame."

"Na amesimama?"

"Sijui, Baba. Hakuna anayenisikiliza humu."

Baba hakuvaa viatu. Alitoka na ndala zake, Sikio nyuma yake, Shangazi nyuma ya Sikio na kitambaa cha vyombo begani. Chenga alikuwa bado yupo getini, mgongo umenyooka kama mlinzi, mfuko wa santuri kifuani. Ng'ambo ya barabara mafundi cherehani wawili walikuwa kwenye kibaraza chao, na mama mmoja alikuwa anaanua nguo.

"Kijana," Baba akasema, na kwa kuwa hakuweza tena kupima sauti yake, mtaa mzima ulisikia. "Nimekosea. Ile haikuwa nyeusi. Mimi sisikii vizuri. Wewe umelijua hilo ukanisitiri, na mimi nikakutoa nyumbani kwangu. Naomba radhi."

Cherehani moja ikasimama.

"Mzee, hakuna haja," Chenga akasema.

"Nini?"

"Nasema hakuna haja," Chenga akarudia, kwa sauti nene na ya taratibu, akisogea upande ambao Baba angeuona uso wake.

"Haja ipo. Ulikuja kusema jambo. Liseme."

Chenga akameza mate. Hotuba yote ilikuwa imemtoka, ilionekana wazi. "Nimekuja kumposa binti yako," akasema. "Na kumwomba radhi kwa maneno ya jana. Alikuwa na haki kwa kila alichosema."

"Kwa kila alichosema," Shangazi akarudia nyuma kwa mnong'ono, kama anakiweka akiba.

Baba akaitikia kwa kichwa. "Mimi sina pingamizi. Sikuwahi kuwa nalo, nilikuwa na woga tu. Kwa hiyo, mambo ya mahari tutazungumza siku nyingine, na nyumba..."

"Samahani," Sikio akasema.

Wanaume wawili wakageuka.

"Jana mmoja ameniomba muhuri. Leo mwingine amenicheza kamari kwa santuri tatu. Mmekataana, mmekubaliana, mmesameheana, na mimi nipo hapahapa nimesimama na miguu inaniuma. Hivi kuna siku mtu ataniuliza mimi?"

Yule mama ng'ambo ya barabara aliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja. Chenga akaweka mfuko chini, taratibu, ukutani. Akamtazama Sikio kama alivyomtazama siku ya kwanza alipoingia kile chumba cha magodoro na santuri ya buluu mkononi, akauliza kama ni kweli inabidi asubiri mpaka iishe.

"Unanitaka?" akauliza.

Sikio alikuwa na mengi ya kusema. Kwamba zile mia tatu zitasagwa Jumatatu na safari hii duara atalikata yeye Sikio kwa mkono wake. Kwamba asithubutu kumwomba tena jambo lile. Kwamba hakulala. Lakini macho yale yalikuwa yanangoja, na hayakuwa yanaomba kupitishwa kwa upendeleo.

"Nakutaka," akasema, karibu kwa pumzi tu.

"Nini?" Baba akasema.

Uso wa Sikio ukawaka moto. "Nimesema namtaka."

"Sema kitu kieleweke, mwanangu."

"Namtaka, Baba!" Sauti ikaruka geti, ikavuka barabara, na mafundi cherehani wakapiga makofi. Shangazi akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo, mabega yakimtikisika.

Baba akaweka mkono wake mmoja kwenye bega la Chenga, akageuka kuelekea ndani.

"Nilikusikia mara ya kwanza, kwa macho," akasema. "Nilitaka huyu awe na mashahidi."